Eti Waturuki waliporomoka miaka 356 mfululizo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Tanga. Kwenye notisi tumeandikiwa dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki, ilifika kileleni wakati wa Sultani Suleiman, alipokufa 1566 ikaanza kuporomoka mpaka ikaisha 1922, sababu masultani walikuwa walevi na wanawake wa ikulu ndo wanatawala. Nimepiga hesabu hiyo ni miaka 356, kuna kitu kinaporomoka muda wote huo au mimi ndo sielewi?

JIBU: Marahaba mwanangu, unaelewa vizuri tu. Mgonjwa anayekata roho miaka 356 huyo kashawazika madaktari wake wote.

Angalia baada ya 1566. Mwaka 1571 wanaichukua Kupro kutoka kwa Venisi, mwaka huohuo meli zao zinateketezwa kule Lepanto, Ugiriki, na mwaka unaofuata wana meli mpya baharini, 1574 wanaiteka Tunis. Krete wameimaliza 1669, yaani Suleiman yuko kaburini miaka 103! Na hapa kwetu je, miaka ya 1580 Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, alishuka pwani hii na vimeli vyake vichache tu, miji kibao ikamkubali Sultani, Wareno wakaja kumkamata Mombasa 1589 na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Mtu anayeporomoka hatishi watu mpaka wajenge ngome.

Sasa hiyo stori ya kuporomoka imetoka wapi? Imetoka kwao wenyewe, hapa ndo patamu. Kulikuwa na makarani na watu wa ikulu wakiandika nasaha kwa Sultani, kama Mustafa Ali mwaka 1581 na Koçi Bey aliyemwandikia Murad wa Nne, wote kilio kimoja, zamani kulikuwa na utaratibu siku hizi vyeo vinauzwa. Mustafa Ali mwenyewe alikuwa na kinyongo, vyeo alivyovitaka hakupewa. Wazungu walipokuja kusoma baadaye wakabeba vilevile bila kuuliza huyu analalamika kwa nini.

Chini kulikuwa na mabadiliko ya kweli. Zamani askari wa farasi alikuwa anapewa mapato ya kijiji, anakula hapo na vita ikitokea anakuja. Bunduki zilivyozidi, hasa vita ya 1593 mpaka 1606 na Waaustria, walitakiwa askari wa miguu wenye bunduki na hao wanataka mshahara, taslimu, kwa hiyo serikali ikazidi kunadi kazi ya kukusanya kodi, anayetoa dau kubwa anapewa, na 1695 ikaanza kuwapa watu kazi hiyo kwa maisha yao yote. Kwa yule wa farasi aliyepoteza kijiji chake dunia imeisha, lazima aseme dola imekufa, ila hazina inapata hela ya vita.

Na hao wanawake, mi huwa wananiudhi wanaowasema. Turhan, mama yake Mehmed wa Nne, ndiye aliyekubali 1656 Köprülü Mehmed apewe uwaziri mkuu na madaraka kamili, akainyoosha serikali. Huyohuyo mama akajenga ngome mbili pale Dardaneli, mlango wa bahari wa kuelekea Istanbul. Walevi walikuwepo kweli, Selim mtoto wa Suleiman jina lake la utani lilikuwa hilohilo, na Kupro imetekwa yeye akiwa kitini.

Sisemi hawakupigwa. Vienna 1683 walipigwa, 1699 wakapoteza sehemu kubwa ya Hungaria, lakini 1711 wakamzingira Peter wa Urusi mtoni Prut na 1739 wakairudisha Belgrade. Kipigo hasa mi naona ni vita ya 1768 hadi 1774 na Warusi, hapo Krimea ikatoka mikononi mwao.

Mtihanini anza na jibu la notisi maana msahihishaji anaweza akawa analitaka hilohilo, halafu aya ya pili mlete Turhan na Krete.