Jibu: Kurekodi Shakespeare chuoni Tabora kwa simu

Mkuu, umeuliza utarekodije wanachuo wakisema mistari ya Shakespeare huku pilikapilika za chuo zikisikika, maana simu yako inanasa upepo tu. Kwanza usiwaingize darasani, kuta tupu zile zinarudisha mwangwi. Wapeleke chini ya mwembe, au nyuma ya jiko masufuria yakisuguliwa. Simu ivalishe soksi safi pale kwenye maiki, uishike shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili isipigwe na pumzi. Zima mtandao, mlio mmoja wa meseji unaharibu kila kitu. Kabla hawajaanza, rekodi dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kusema. Utaihitaji kuziba mapengo ukihariri.

Maandishi, chukua tafsiri za Mwalimu Nyerere: Mabepari wa Venisi ya 1969, au ile ya Julius Caesar iliyotoka kwanza 1963. (Naye kasoma hapo hapo Tabora Boys.) Hotuba ya Antony, yule rafiki wa Caesar kwenye Julius Caesar, mpe mwenye sauti ya mnadani, wanaoghani kama wako kwenye mtihani wanachosha. Na wanaosikika kwa nyuma waombe ridhaa, hasa wapishi.