Kuwahi nafasi ya hema

Ndugu, umeuliza kama kuacha kiti na kamba ya kuanikia kunatosha kushika nafasi kwenye kambi za misitu ya taifa huku Marekani, zile zisizo na buking. Hakutoshi. Nafasi inakuwa yako ukishalipa na kuanza kuitumia.

Ukifika, zunguka taratibu na gari utazame nguzo yenye namba kwenye kila nafasi. Kijikaratasi kilichobanwa pale kikionyesha mtu anaondoka leo, msalimie, muulize anatoka saa ngapi. Ukikuta nguzo tupu, mwache mwenzako hapo, wewe kimbia kwenye ubao wa matangazo: chukua bahasha, jaza namba ya gari na ya nafasi, tia hela, tumbukiza kwenye kisanduku cha chuma. Kile kipande unachochana ndicho unachobana kwenye nguzo. Kambi nyingi zinataka uwe umelipa ndani ya dakika 30. Beba noti ndogondogo, chenji hakuna (mimi nilitumbukiza dola 40 kwa nafasi ya dola 22, nikameza mate).

Kumshikia shemeji anayekuja kesho? Hapana, wanataka mtu alale hapo usiku wa kwanza. Wewe wahi Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.