Mkuu, Jumamosi usimpeleke huyo mtoto "akafunguliwe"

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya benki, nikatoka kwenye foleni nije nijibu.

Umesema mmepewa binti wa miaka 6 kutoka makao ya watoto, mnakaa naye kwanza kabla ya kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumuasili. Anaficha ugali chini ya godoro, anapiga mayowe akiogeshwa. Umeuliza mambo manne: kozi gani ya wazazi inafaa, ushauri nasaha unagharimu kiasi gani, asome bweni au kutwa, na ndugu waambiwe nini. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayepitisha magendo chini ya kiti, ukatupia kwamba kuna "mtaalamu wa majeraha ya utotoni" ambaye Jumamosi atamshikilia mtoto "mpaka ajisalimishe na kufunguka", kazi ya siku moja, na advansi mmeshampa.

Usimpeleke. Hayo manne yatasubiri. Njia hiyo mimi nimeshaipita, kwa hela yangu mwenyewe.

Wetu alikuja ana miaka 7. Alikuwa analala na viatu. Sisemi alipitiwa na usingizi kabla ya kuvua, la. Anaoga, anavaa nguo za kulalia, anavaa viatu vya shule, anafunga kamba, ndipo anapanda kitandani. Tukimvua usiku, asubuhi tunamkuta amevaa tena. Chapati alizokuwa anaficha zilifichuliwa na sisimizi, walipanga mstari kutoka dirishani hadi ndani ya foronya. Mke wangu alilia. Mimi nikakasirika, nikaita wizi. Nimekulia nyumba ambayo sukari ilikuwa inahesabiwa vijiko, mnisamehe.

Hapo ndipo shemeji yangu akaja na namba ya mtu. Jamaa ana semina zake za siku tatu hotelini, projekta, chai na sambusa, vyeti vya kila aina vimewekwa plastiki. Ukimsikiliza dakika kumi unatoa pochi bila kuombwa. Akatuambia mtoto aliyeumia ni kama jipu, usaha usipotoka hapati nafuu. Nikatikisa kichwa kwa hekima kubwa. Mimi ni mhasibu, wakuu. Naweza kumsumbua mtu wiki nzima kwa risiti ya soda. Huyo nilimhesabia laki nane na hamsini taslimu, juu ya meza ya sebuleni, na sikumuomba hata kikaratasi. Haya chekeni. Mimi mwenyewe nilianza kucheka mwaka wa pili.

Siku yenyewe akafunga mapazia. Akamweka mtoto mapajani, akambana mikono, akamwambia amtazame machoni aseme walichomfanyia huko alikotoka. Mtoto akajipinda-pinda ajitoe, akabanwa zaidi. Na sisi wazazi tulishapewa darasa kabla: atapiga kelele, atatukana, atawaita, msiingilie, huo ni ugonjwa unapigana kutoka. Hebu isome tena hiyo mkuu. Alinifundisha mapema kwamba mtoto akiniita nisiende.

Na aliniita. Wakati ule alikuwa ananiita anko, kama wanavyoita kila mwanamume anayefika makao. "Anko. Anko." Nimesimama mlangoni nimeshika kitasa. Ilikuwa dakika arobaini. Najua ni arobaini kwa sababu muda wote niliangalia saa ya ukutani ili nisimwangalie yeye. Mwishoni akajikojolea, akalegea, akanyamaza. Jamaa akatabasamu, "Mmeona? Amejisalimisha."

Jioni ile mtoto alivaa viatu, akatia sare ya shule na mswaki kwenye mfuko, akageuza ndoo, akaikalia pembeni ya geti. Hakulia wala hakununa. Alikuwa anasubiri gari la kumrudisha. Kwa akili yake yale yaliyotokea sebuleni ndiyo utaratibu wa kuachwa. Nilimbeba saa nne usiku akiwa amelala amekaa.

Baada ya hapo hakuongea nyumbani miezi mitano. Shuleni aliitikia jina lake, basi. Nilipompigia mtaalamu, akaniambia ukimya ni hatua ya uponyaji, ila awamu ya pili ni laki sita. Nikamuuliza kama kuna awamu ya kurudisha hela. Akakata simu. Mpaka leo anaendesha semina, na shemeji bado yumo kwenye grupu lake la WhatsApp. Tunaonana misibani, tunasalimiana vizuri tu.

Baadaye nikaanza kusoma (usiku, kwa hasira) nikakuta kumbe hii kitu si ugunduzi wake. Marekani waliifanya miaka mingi kwa watoto wa kuasiliwa, kwa majina tofauti tofauti. Aprili 2000, huko Evergreen, Colorado, binti wa miaka 10 alifungwa ndani ya shuka, akawekewa mito, watu wazima wanne wakamgandamiza ili eti "azaliwe upya" na ampende mama yake mpya. Alisema mara nyingi kwamba hawezi kupumua. Wakaona ni ukaidi. Alikufa. Wawili kati yao, washauri walioongoza zoezi, walifungwa miaka 16 kila mmoja, na mwaka 2001 jimbo likapitisha sheria ya kupiga marufuku zoezi hilo. Nilisoma habari ile nikaenda kusimama mlangoni kwa mtoto nisikilize kama anapumua. Wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu siku ile ya sebuleni.

Sasa kanuni yangu, na hii ndiyo moja tu niliyonayo: mtoto asiguswe na mtu ambaye hana mtu wa kumkosoa. Muulize huyo wako: "Wiki iliyopita kesi zako umemweleza nani?" Usiulize ana cheti gani. Vyeti wanavyo, wangu alikuwa na vya kutandikia kitanda. Uliza nani anamsimamia, wanakutana lini, na akikosea nani anamwambia. Mtu wa kweli atakujibu bila kufikiri, kwa sababu ni ratiba yake ya kawaida, kama wewe ukiulizwa bosi wako ni nani. Tapeli atakasirika, au atakwambia anasimamiwa na Mungu. Wangu ningemuuliza angesema hilo la pili.

Kuna watakaosema humu "basi tafuta mwenye shahada." Ngoja. Kuna utafiti ulifanyika Moshi hapa kwetu na Bungoma kule Kenya, ukachapishwa 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, umri miaka 7 hadi 13. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa tiba moja inayolenga kiwewe (jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio zito), wakawa wanasimamiwa kazi ikiendelea. Vikao 12 vya kikundi, vikiwa na vichache vya mtoto peke yake, na walezi nao wana vikao vyao. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne yaliyofanyiwa utafiti, watoto wa kundi hilo walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Kwa hiyo mtu asiye na shahada lakini ana msimamizi anaweza kumsaidia mwanao. Mwenye vyeti kumi na hana msimamizi ndiye huyo wa kwangu.

Na angalia mpangilio wa tiba hiyo. Kwanza mtoto anafundishwa kupumua, kuzitambua hisia zake, kujituliza mwili ukimchemka. Mlezi anafundishwa naye. Kisa chenyewe kinakuja baadaye, kidogo kidogo, mtoto akiwa ameshajua kushuka akipanda. Wangu alianzia juu ya paa, akamsukuma.

Sisi tuliokolewa na muuguzi wa kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa, mama wa makamo, sauti ya chini, hana projekta. Nilimuuliza swali langu kabla sijakaa. Akasema, "Jumatano mchana, daktari ananikagua mafaili, jana kanigombeza." Nikajua nimefika. Siku nne za kwanza hakumuuliza mtoto kitu kabisa. Walikuwa wanapuliza mapovu ya sabuni. Mimi mhasibu nahesabu nauli, nauliza moyoni tunalipia mapovu? Kumbe ili povu litoke kubwa lazima upulize taratibu, na ukipuliza taratibu moyo nao unapungua mbio. Nimekuja kuelewa hilo mimi mwenyewe nilipoanza kuyapuliza nikitoka kazini.

Kuhusu chakula akatuambia tuache kusaka. Mtoto aliyewahi kulala njaa anaweka akiba, haibi. Tukaweka bakuli la karanga na ndizi pembeni ya kitanda, lijae kila usiku, na hakuna kumuuliza kala ngapi. Wiki ya kwanza alikuwa anamaliza yote. Ya pili pia. Sikumbuki ni wiki ya ngapi ndizi zilianza kuoza pale pale, na mke wangu akafurahia ndizi bovu kama ameshinda bahati nasibu.

Hilo la mayowe bafuni usilisake chanzo chake wewe wala mkeo, msimhoji. Mpe beseni na kopo, mlango wazi, ajimwagie mwenyewe, mmoja wenu akae nje anaimba au anamenya viazi ili asikie kwamba mtu yupo. Mengine mwachie atakayewasaidia.

Kozi ya wazazi: sina jina la kukupa, ila ya siku tatu yenye sambusa hapana. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, faili la mtoto anapaswa kuwa nalo, mwambie bila aibu kwamba mmezidiwa. Wengi tunaogopa kumwambia tukidhani atamchukua mtoto. Mimi niliogopa hivyo hivyo, ndiyo maana nikaenda kwa yule wa hotelini. Mkikwama usiku, pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Bweni? Mkuu, mtoto bado anapima kama mtamrudisha, wewe unataka kumpakia sanduku? Hapana.

Bei na lile la ndugu nimeandika mpaka simu inaelekea kuzima, watakujibu wengine. Ila shemeji usimwambie kitu.

Ukimpigia huyo mtu kughairi, usijieleze. Usimtajie kiwewe, Moshi wala Colorado, ana mdomo huyo, dakika tano mbele utajikuta unamuomba radhi na kuongeza hela. Mwambie mtoto ana homa. Akisema atakuja Jumamosi inayofuata, mwambie ni surua. Advansi usiidai.