Kakangu kafungwa Texas, sie huku Wete tufanyeje?

SUALI: Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Mie msomaji wenu wa Wete, jina langu naomba lisitoke. Kakangu yuko Marekani tangu 2013, alikuwa dereva wa magari ya mizigo Houston, anatuma pesa kila mwezi hakosi, bas mwaka jana akapotea ghafla, miezi mitatu simu haipatikani, tukaja kuambiwa na rafiki yake kuwa aligombana na mtu, mtu kaumia, kahukumiwa miaka mitano. Tulikuwa tunajua jela aliyowekwa mwanzo lkn sasa wanasema hayupo tena pale. Kuna mtu kwenye watsapu anasema yeye ni wakala wa mambo hayo, atafanya mpango kakangu aletwe amalizie kifungo huku nyumbani, ataka dola 3000 nusu mbele. Mama anataka kuuza shamba la mikarafuu. Ubalozini tunaogopa kwenda, tunaona kama tutamchongea. Na mama kila siku ananiuliza mambo mawili tu, anasali? anakula nini? Nijibu kabla hatujauza.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Msiuze. Nimeanza na hilo maana najua mama akishaamua barua ya sheha haichelewi kuandikwa na mnunuzi humtafuti, anakuja mwenyewe.

Huyo wa watsapu anakuuzieni kitu ambacho si chake. Mfungwa kuhamishwa akamalizie kifungo kwao kupo kweli, lkn ni jambo la serikali na serikali chini ya mkataba, halitengenezwi na mtu na simu yake. Marekani huhamisha wafungwa kwa mkataba wa Strasbourg wa 1983 na nchi zilizoingia humo, Tanzania haimo. Na hata kwa nchi zilizomo, mfungwa wa jimbo haondoki mpaka jimbo lenyewe likubali. Mzuieni huyo mtu kwenye simu zenu zote, ya mama pia.

Sasa hili neno jimbo, nalifafanua kwa sababu ndo linalowachanganya watu wengi. Sie Wazanzibari tuna bahati ya kulielewa upesi kuliko wengine. Chuo cha Mafunzo pale Kilimani ni cha nani? Cha Serikali ya Mapinduzi, jela si jambo la Muungano. Lkn mambo ya nje na uhamiaji ni ya Muungano. Bas na kule vivo hivo, Texas ina jela zake, sheria zake za jinai, bodi yake ya msamaha, halafu Washington, yaani serikali kuu, ndo wenye uhamiaji na mikataba ya nje. Kakako kwa hiyo yuko mikononi mwa wawili. Texas inamfunga, na siku Texas ikimaliza naye Washington inamngojea mlangoni. Nitarudi hapo maana ndo penye kazi yenu nyie.

Kwanza apatikane. Kwa nini kule mwanzo hayupo? Kwa sababu ile ilikuwa jela ya kaunti, wanapokaa watu wanaongoja kesi. Akishahukumiwa kifungo kirefu anapelekwa kwenye idara ya magereza ya jimbo, TDCJ, na anapewa namba mpya, ile ya kaunti haifanyi kazi tena. Familia nyingi hupotezana na mtu wao hapo hapo, wanadhani kafichwa. Ingieni intaneti kwenye tovuti ya TDCJ, kuna sehemu ya kutafuta mfungwa kwa jina na haina malipo. Jaribuni jina kila namna linavoweza kuandikwa, maana Wamarekani majina yetu huyavuruga, la babu linakuwa la ukoo, Khamis inaandikwa Hamisi, Juma inakuwa mwisho badala ya mwanzo. Mkimpata mtaona jela aliyomo, kosa, na tarehe anayoweza kuanza kufikiriwa kutoka kwa masharti. Kwa Texas yapo makosa ambayo lazima ukae nusu nzima ya kifungo ndo ufikiriwe, na mengine huwa robo tu pamoja na siku anazohesabiwa kwa tabia njema. Kwa hiyo kosa lake kwa jina khasa ni muhimu, msitosheke na "aligombana".

Ubalozi. Mwanangu, hofu yenu naielewa na siibezi, watu wa Pemba waliokimbilia Shimoni, Kenya, mwaka 2001 bado wapo hai na wanajua kwa nini waliikimbia serikali. Ikiwa kakako aliwahi kuomba hifadhi kule, bas kabla ya ubalozi azungumze na wakili. Lkn ikiwa alikwenda kwa pasi yake ya Tanzania kama wengine, kumchongea kupi tena? Kwa mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36, mgeni akikamatwa lazima aambiwe kuwa ana haki ubalozi wake ujulishwe. Na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inatakiwa iujulishe ubalozi, mfungwa mwenyewe atake asitake. Yaani huenda ubalozi wetu kule Washington una jina lake zamani na faili limelala, linangoja mtu wa kwao aulize. Afisa wa ubalozi anaweza kumtembelea, kumwandikia, kumsaidia kupata wakili, kuwaletea nyie habari. Kumtoa hawezi na faini hamlipii. Nyie anzieni ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje hapo Unguja, nendeni na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na ile namba ya TDCJ.

Nisikufiche, hiyo haki ya Vienna ikivunjwa Texas haitikisiki sana. Mahakama ya Kimataifa ilitoa hukumu 2004 kuhusu Wamexico 51 waliohukumiwa kifo Marekani bila ya kuambiwa haki yao, ikasema kesi zao ziangaliwe upya. Mmoja wao, José Medellín, alikuwa jela Texas. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema 2008 kwamba hukumu ile hailibani jimbo mpaka Bunge litunge sheria, na Agosti mwaka huo huo Texas ikamuua. Ndo maana nasema msikae mkangoja haki imfuate kakako ndani, ifuateni nyie kwa barua na kwa simu.

Muulizeni na hili, alikiri kosa? Na wakili wake alimwambia kuwa akikiri anaweza kufukuzwa nchini? Mwaka 2010 kwenye kesi ya Padilla, bwana mmoja wa Honduras aliyekaa Marekani miaka 40 na zaidi, mahakama ilisema wakili lazima amwambie mteja wake jambo hilo. Asipoambiwa, kuna mlango wa kugonga, lkn wakili ndo agonge na asichelewe.

Sasa kazi yenu. Akimaliza Texas, uhamiaji wa Marekani, ICE, kwa kawaida huwa washaiomba jela isimwachie bali wamkabidhi kwao. Anahamia kwenye kizuizi kingine kungoja kurudishwa. Na hapo watu hukwama kwa sababu ya karatasi. Pasi ishakwisha muda, ubalozi hautoi hati ya kusafiria mpaka uridhike kuwa huyu ni Mtanzania kweli, na uthibitisho wenyewe uko kwenye mkoba wa mama chini ya kitanda. Ipo hukumu ya 2001 inayoweka miezi sita kuwa kipimo, ikipita na hakuna dalili ya kuondoshwa mtu anaweza kuomba aachiwe, lkn miezi sita juu ya miaka mitano kwa kukosa cheti cha kuzaliwa ni dhulma ambayo nyie mnaweza kuizuia mkiwa hapo hapo Wete. Nendeni kwa sheha, nendeni ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii, toeni nakala ya cheti chake, nakala ya pasi ya zamani kama ipo, vitambulisho vya wazazi. Jina liwe moja herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. Fanyeni mwaka huu.

Kuhusu pesa, Texas wafungwa hawalipwi kwa kazi wanazofanya, kwa hiyo dola 20 za sabuni na stempu kwake ni kitu kikubwa. Zinatumwa kwa jina na namba yake kwa njia zilizotajwa kwenye ile tovuti, msitie noti ndani ya barua.

Na mama mwambie hivi. Anasali, hakuna wa kumkataza. Sheria ya 2000 inawalinda wafungwa katika dini zao, na 2015 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walimpa haki mfungwa Muislamu wa Arkansas, jirani na Texas, afuge ndevu zake za nusu inchi. Chakula, jela za Texas hutoa sinia lisilo nguruwe na lisilo nyama kabisa, aombe. Halali ya kuchinjwa ni mtihani mwengine, wengi wanakamata lile lisilo nyama.

Nilikuwa nikimsomea barua za jela jirani yangu mmoja Michenzani, mwanawe alifungwa nchi za nje. Kila bahasha ikifika aliikunja ile pembe yenye namba ya mfungwa ikaingia ndani, wageni wasione, na miezi saba hakujibu hata moja kwa haya. Mtoto akaandika, "Mama, nyote mmekufa?" Mama yako aandike wiki hii, kwa Kiswahili chake hicho hicho cha Kipemba. Barua zitafunguliwa na kusomwa, kwa hiyo kesi msiiguse, aandike ya nyumbani, mvua, karafuu, nani kaolewa. Namba aiandike juu ya bahasha, wazi.