Mguu haufiki kwenye mafuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza ya klachi, najifunza kushusha gia huku vidole viko kwenye breki na kisigino kinagusa mafuta, ila pedeli ya mafuta iko chini mno. Ninunue pedeli za aluminiamu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dukani usikimbilie kwanza. Washa gari likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu kama unasimama ghafla, hapo ndo uangalie, maana breki ikiwa haijakanyagwa pengo linaonekana kubwa karibu kwenye kila gari. Ikishashuka inatakiwa iwe sawa na mafuta au juu yake kidogo tu.

Kama mafuta bado iko chini mno, funga kibati kwenye pedeli ya mafuta, kisogee upande wa breki, na bolti zipite mpaka nyuma! Vile vya kubana tu vinalegea, na kikinasa chini ya breki ni hatari kweli. Fimbo ya breki, ile inayosukumwa na pedeli, mi nakuomba usiiguse, ukiirefusha ile nafasi ndogo ya pedeli kucheza kabla breki hazijashika inapotea, breki zinashika muda wote zinachemka. Viatu viwe vya soli nyembamba, na mazoezi anzia uwanja mtupu, sio barabarani.