Ditekta ya mpindo wa mwanga haijui sukari ni nini

Siku mbili nzima nililaumu pampu ya mashine yangu ya kromatografia: pampu husukuma kiyeyushi (kimiminika kinachobeba sampuli) kupitia kolamu, mrija unaotenganisha vilivyomo kwenye sampuli, kisha ditekta huvipima vikitoka. Mstari wa ishara ya ditekta kwenye skrini ulipanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na vilele vidogo vya sukari nilivyovitafuta vikamezwa humo. Siku ya tatu nikatega sikio: kila kiyoyozi kilipowaka, mstari ulibadili mwelekeo.

Hapo ndipo nilipoielewa ditekta hii. Yenyewe haijui sukari. Inajua mwanga umepinda kiasi gani. Ndani yake kuna kichumba cha kioo kilichogawanywa kwa ukuta wa mshazari. Upande mmoja umefungiwa kiyeyushi kitupu, upande wa pili hupita kinachotoka kwenye kolamu. Pande zote zikilingana, mwale hautikisiki. Sukari ikipita, mwale husogea kidogo sana, vipokeamwanga viwili vilivyo mbele yake hupata mwanga usio sawa, na tofauti hiyo ndiyo ishara unayoiona. Ukolezi ukizidi maradufu, nayo huzidi hivyo hivyo, ndiyo maana sampuli chache za ukolezi unaojulikana zinatosha kukupa hesabu.

Shida ni kwamba joto nalo hubadili mpindo wa mwanga. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yana kipimo cha mpindo 1.3330, yakiwa na sukari asilimia 10 kwa uzito, 1.3478. Joto likiongezeka nyuzi 1 tu, maji hupoteza takriban 0.0001. Piga hesabu: ni kama umetoa gramu 0.7 za sukari katika kila lita!

Kwa hiyo mimi siku hizi siizimi ditekta usiku nikiwa na kazi kesho yake. Huipasha nyuzi 35 au 40, juu ya joto la chumba, nikaiacha itulie kwa saa kadhaa. Kiyeyushi hukitoa hewa kwanza. Kubadili mchanganyiko wa kiyeyushi katikati ya kazi, sahau kabisa.

Kosa la wengi, na langu pia, ni kuyeyusha sampuli kwa maji wakati kiyeyushi kinachopita kwenye kolamu ni asetonitrili (kimiminika cha maabara) asilimia 75. Maji hayo huja na kilele chao mwenyewe, wakati mwingine cha kuzama chini ya mstari, nawe unadhani mashine imeharibika. Chota kiyeyushi kwenye chupa ile ile inayolisha pampu, na upande wa rejea, ule uliofungiwa kiyeyushi kitupu, uusuuze kwa hicho hicho kila unapobadili chupa.

Na kama una ditekta zaidi ya moja, hii iwe ya mwisho kwenye njia ya kiyeyushi. Kioo chake hakivumilii shinikizo. Changu kilipasuka kwa sababu ya mrija mwembamba niliouunga upande wake wa kutokea.