Wiki ya mtihani nyumbani: tuliyoyakosea kwa mtoto wa kwanza na tuliyoyabadilisha kwa wa pili

Mama mwenzangu, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 16 anaanza mitihani yake Jumatatu ijayo, na kwamba wiki hiyohiyo baba yake atakuwa safarini, mdogo wake ana miadi ya hospitali, wageni wamekwisha kutoa taarifa ya kuja, na wewe mwenyewe kazini mnafunga hesabu za mwezi. Umeuliza kama uahirishe kila kitu au umwache kijana ajizoeze kusoma huku shughuli za nyumbani zikiendelea kama kawaida. Mimi nimepitisha watoto wawili katika wiki ya namna hiyo, wa kwanza kwa makosa mengi na wa pili kwa utaratibu uliozaliwa na makosa hayo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Si lazima uahirishe kila kitu. Ninachokuomba ni uulinde usingizi wa mwanao kuliko unavyoulinda muda wake wa kusoma, kwa sababu karibu kila tulilofanikiwa au kushindwa katika wiki zile lilitegemea hapo.

Kifungua mimba wangu alifanya mitihani yake katika kipindi ambacho nyumba yetu haikuwa na pa kukanyaga. Ndugu yangu alikuwa anahama, nami nikashindwa kumkatalia, basi vitu vyake vikarundikwa chumbani mwa kijana hadi juu ya meza yake ya kusomea, naye akawa anasomea sebuleni baada ya watu wazima kumaliza mazungumzo yao, yaani kuanzia saa 5 usiku. Kwa kuona kwamba muda wake wa jioni umepotea, nikawa namwamsha saa 10 alfajiri ili aufidie. Nilifanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Nilimletea maji ya kunywa na wakati mwingine nilikaa naye. Alfajiri ya siku ya nne nilitoka kidogo, na niliporudi nilimkuta amelalia daftari la fizikia, kalamu ikiwa bado katikati ya vidole, na kutoka mwisho wa neno "mkondo" mstari wa wino ulikuwa umeteremka hadi chini ya ukurasa. Nikamwamsha aendelee. Kati ya yote niliyoyafanya wiki ile, hilo la kumwamsha ndilo ninalolijutia hadi leo.

Miaka miwili baadaye ndipo aliponisimulia yaliyomkuta siku hiyo katika chumba cha mtihani. Alilisoma swali moja mara tatu bila kuelewa linataka nini, akaliruka, na aliporudi nyumbani akalikuta swali la aina hiyohiyo katika daftari lake, limefanywa hatua kwa hatua kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa analijua. Kichwa kilichochoka ndicho kilichoshindwa kulifikia.

Baadaye nilijifunza mambo ambayo ningetamani mtu angeniambia mapema. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani lilipendekeza kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Jambo la pili lilinifungua macho zaidi: katika umri wa kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala huanza kutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni, na ndiyo maana kijana uliyemwamuru alale saa 2 usiku hugeukageuka kitandani bila kupata usingizi. Hana ukaidi, mwili wake haujafika huko. Kwa hiyo mzazi anayemwamsha kijana alfajiri mno kwa kudhani amemtanguliza kulala mapema huwa amemkata usingizi upande mmoja bila kumwongezea upande wa pili, na usingizi huohuo ndio unaosaidia ubongo kuyatia nguvu yale yaliyosomwa mchana.

Ilipofika zamu ya binti yangu, Jumapili moja kabla ya mitihani tulikaa wote mezani tukiwa na ratiba yake na karatasi moja kubwa. Tuliandika kwanza mitihani, kisha kila jambo la familia la wiki ile, hata lililoonekana dogo. Swali la kama jambo ni muhimu tuliliweka kando, maana katika familia kila mtu huona lake ni muhimu. Tuliuliza kama jambo hilo litagusa usiku wa kuamkia mtihani au asubuhi yake. Ungeshangaa jinsi swali hilo linavyopunguza ubishi. Miadi ya hospitali ya mdogo wake ilibaki palepale kwa sababu ilikuwa ya mchana na haikumhusu. Fundi aliyetarajiwa kuja kutengeneza bomba alisogezwa. Wageni walikuwa wamepanga kufika Jumanne, siku moja kabla ya mtihani wa hisabati, nami niliwapigia simu nikiwa na hofu kwamba watakwazika. Niliwaeleza sababu waziwazi na kuwaomba waje Jumamosi, wakakubali na kunishukuru kwa kuwaambia mapema.

Kuhusu kazi za nyumbani, nilitaka kumwondolea zote, lakini mwenyewe aliomba abakiziwe moja, kuosha vyombo vya jioni, kwa maelezo kwamba ndizo dakika pekee za siku ambazo mikono yake inashughulika na kichwa kinapumzika. Nilimwachia. Zilizosalia tuligawana, na baba yake, aliyekuwa mbali kama atakavyokuwa mumeo, alichukua jukumu la kupiga simu saa 1 jioni kila siku, kabla ya muda wa mwisho wa kusoma, badala ya usiku wakati mazungumzo yangemfukuzia usingizi.

Hapa nikuonye juu ya mdogo wake, kwa sababu mimi nilisahau. Tulimwomba kitinda mimba wetu apunguze kelele, akajitahidi kweli, akatembea kwa ncha za vidole siku mbili nzima. Jumatano jioni akaangua kilio kwa sababu jino lake lilikuwa limeng'oka tangu asubuhi na hakuna mtu aliyemuuliza. Alikuwa amelishika mkononi, limefungwa ndani ya kipande cha karatasi. Tangu siku hiyo tulimtengea nusu saa yake kila jioni, ya kutoka nje na mimi bila kuzungumzia mtihani wa dada yake, na nyumba ikatulia kuliko nilipokuwa nikimnyamazisha.

Sasa kuhusu kusoma kwenyewe. Umesema mwanao anakaa na madaftari saa nyingi na bado anasahau. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa hivyohivyo: alisoma na kurudia kusoma, akipaka mistari rangi mpaka ukurasa mzima ukawa wa njano. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambayo wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi kwa njia tofauti. Wale waliokisoma mara nne walikumbuka zaidi walipopimwa dakika 5 baadaye. Lakini baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40 tu ya yaliyomo, ilhali wale waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika wanachokumbuka walikuwa karibu na asilimia 61. Hii inaeleza kwa nini kurudia kusoma kunadanganya: maandishi yanapozoeleka machoni, mtu hudhani ameyajua.

Kwa hiyo na binti yangu niliacha kuuliza "umesoma?" nikaanza kumwomba afunge daftari anieleze. Sikusoma kemia mimi, na haikuhitajika. Nilikuwa nasimama jikoni nimelifungua daftari lake mbele yangu, yeye akieleza kwa nini mmenyuko fulani unatoa joto, nami nafuata kwa kidole. Akikwama, namsomea sentensi moja tu, kisha anaendelea. Dakika 10, wakati mwingine 15, na mara nyingi aligundua mwenyewe, katikati ya sentensi, kwamba sehemu fulani hakuielewa hata kidogo. Hiyo ndiyo aliyokwenda kuisoma. Maswali ya mitihani ya nyuma, yanayofanywa bila kutazama majibu, yana kazi hiyohiyo, na mzazi aliyechoka kutoka kazini anaweza kabisa kusimamia hilo.

Umetaja pia kwamba ameanza kunywa kahawa ili akeshe. Mkatalie kwa upole, na umpe sababu badala ya amri. Kwa mtu mzima kafeini hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 12 jioni bado kina nusu ya nguvu yake ifikapo saa 5 usiku, wakati ambao unataka awe usingizini. Simu za nyumba nzima, ikiwemo yangu, zililala sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Kama ningebaki na yangu, sharti lile lisingedumu hata siku mbili.

Jambo lililonigharimu nidhamu kuliko yote ni kutouliza "umefanyaje?" mlangoni. Siku ya mtihani wa kwanza nilimuuliza. Alivua viatu bila kufungua kamba, akaenda moja kwa moja chumbani, na jioni yote akaitumia kukokotoa alama alizozipoteza katika karatasi ambayo haingerudi tena, huku ya kesho yake ikimsubiri. Baada ya hapo nikawa namuuliza kama ana njaa. Alipotaka kusimulia alisimulia, na siku nyingine hakusema chochote nami nikanyamaza.

Wasiwasi wa kawaida utakuwepo. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi walioandika kuhusu hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa waliokuwa na hofu kubwa. Binti yangu alikuwa anaandika nyuma ya karatasi ya maswali ya zamani baada ya kifungua kinywa, kisha anaichana. Sikuwahi kuomba kuisoma, nawe usiombe. Lakini ukiona mwanao halali kwa siku kadhaa mfululizo, amekataa chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa na maisha, hapo suala si mtihani tena. Zungumza naye usiku huohuo, mtafute daktari na umwarifu mwalimu wake, kwa maana mtihani hurudiwa.

Hata ukipanga vizuri, jambo litaharibika. Kwetu, usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho mdogo wake alishikwa na homa na nyumba nzima iliamka. Mtoto wa kwanza ningemwambia, kwa kuwa ameshaamka, basi achukue kitabu. Binti yangu nilimrudisha kitandani, nikahamia na mgonjwa sebuleni, na asubuhi nilimwacha alale hadi dakika ya mwisho iliyowezekana. Iliwezekana kwa sababu mkoba ulikuwa mlangoni tangu jioni: kalamu mbili, kikokotoo chenye betri mpya, kitambulisho, karatasi yenye namba yake ya mtahiniwa.

Kwa wiki yako, ya hospitali na ya kazini yaache yalivyo, kwa kuwa kwa maelezo yako hayaufikii usiku wake. Kinachoufikia ni wageni. Wapigie simu leo, kabla hawajafunga mizigo.